Timu Isiyosikika: Kikosi, Redio na Hasira ya Mashabiki wa Oakland

Jumanne ya tarehe 13 Juni 2023, watu 27,759 waliingia uwanja wa Coliseum mjini Oakland, California, kuitazama timu iliyokuwa ikiburuza mkia katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Mwezi mmoja kabla, tarehe 15 Mei, uwanja huohuo ulikuwa umepata watu 2,064. Safari hii wengi walivaa fulana za kijani zenye neno moja la Kiingereza kifuani, SELL, yaani “uza”. Aliyekuwa akiambiwa auze ni John Fisher, mmiliki wa Oakland Athletics, na alichotakiwa kuuza ni timu yenyewe kabla hajaihamishia Las Vegas.

Mwanzoni mwa awamu ya tano kati ya tisa za mechi watu walisimama wakanyamaza. Mpiga wa kwanza akamaliza zamu yake uwanja ukiwa kimya. Alipomaliza tu, uwanja ukalipuka: “Uza timu! Uza timu!” Timu hiyo mbovu ikaifunga Tampa Bay Rays, waliokuwa vinara wa ligi, kwa 2–1, na huo ukawa ushindi wake wa saba mfululizo. Waandaaji waliuita usiku ule mgomo wa kinyume. Kwa kawaida shabiki akigoma hubaki nyumbani. Hawa waligoma kwa kuja.

Rafiki zangu wa soka huniuliza hasira yote hiyo ni ya nini. Timu ikifungwa si hufungwa tu? Kuna msimu ujao, kuna usajili, kuna kocha wa kufukuzwa. Na lile la redio ndilo linalowashangaza zaidi: kwamba mashabiki hao hao, kwa miaka kadhaa, walikuwa wakilalamikia pia matangazo ya redio, tena kwa uchungu uleule waliokuwa nao juu ya wachezaji waliouzwa. Mtu mwenye simu mfukoni na televisheni sebuleni analilia redio ya nini?

Nitajaribu kulifumbua, kwa sababu naamini malalamiko hayo mawili ni jambo moja. Kikosi na redio ndivyo vitu viwili vinavyomfanya shabiki wa besiboli aijue timu yake kila siku. Ukivigusa vyote viwili kwa pamoja, unakuwa umemtoa nje ya nyumba.

Tuanze na wingi wa mechi, maana mchezo huu hauwezi kueleweka bila huo. Timu ya Ligi Kuu ya England hucheza mechi 38 kwa msimu. Timu ya besiboli hucheza 162, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Ni karibu kila siku, na mapumziko ni machache. Hakuna mtu mwenye kazi na watoto anayeweza kukaa mbele ya televisheni mara 162. Anachoweza ni kusikiliza: jikoni, garini, karakana, dukani, kitandani. Mchezo wenyewe una nafasi nyingi za kimya kati ya mpira mmoja na mwingine, na mtangazaji mzuri huzijaza kwa hadithi, hesabu na umbea wa kambini. Mimi mchezo huu niliujua kwa sikio kabla ya kuujua kwa macho. Mechi ya saa moja jioni huko Oakland, huku kwetu Afrika Mashariki ni saa kumi na moja alfajiri, na saa hiyo sauti ya mzee anayesimulia polepole, huku nyuma ukisikia gongo likikutana na mpira, hukaa vizuri na chai ya kwanza.

Sasa kikosi. Katika siku ya kawaida kila timu ina wachezaji 26 walio tayari kucheza, ndani ya orodha pana ya watu 40. Kijana anayechaguliwa na timu na kuingia ligi kuu hawezi kuondoka apendapo. Kwa takriban miaka mitatu ya kwanza analipwa kiasi ambacho timu inaona kinafaa, mradi kisishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2023 kilikuwa dola 720,000 kwa msimu. Baada ya hapo anaingia kipindi cha usuluhishi: yeye na timu wasipoelewana juu ya mshahara, baraza huru linaamua, na kila mwaka kiwango kinapanda. Akitimiza miaka sita ya utumishi anakuwa mchezaji huru, anajiuza sokoni kwa anayelipa zaidi.

Neno “mwaka” hapo lina maana yake ya kisheria: siku 172 katika kikosi. Ukipata 171, huo mwaka haujatimia. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwacha Kris Bryant, kijana aliyekuwa akitisha katika mechi za maandalizi, akianza msimu katika ligi ya chini, wakamwita tarehe 17 Aprili. Msimu ukaisha ana siku 171. Timu ikawa imepata mwaka mmoja zaidi wa kumiliki huduma yake. Bryant alilalamika rasmi, na mwanzoni mwa 2020 msuluhishi akamkatalia. Siku moja iligeuka kuwa mwaka mzima, na sheria ikasema sawa.

Ukishaielewa saa hiyo inayohesabu kimyakimya juu ya kichwa cha kila mchezaji, unaelewa kwa nini timu isiyotaka kulipa huuza watu wake katika mwaka wa nne au wa tano. Hapo bado wana thamani kwa wengine, na timu inaweza kupokea vijana watatu au wanne ambao saa yao ndiyo kwanza inaanza. Besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara kama ligi nyingine za nchi hiyo, na haina kiwango cha chini ambacho timu inalazimika kutumia. Kuna kodi kwa wanaozidisha, lakini tajiri anayetaka kuilipa huilipa. Mwaka 2023 New York Mets walianza msimu na mishahara ya zaidi ya dola milioni 300. Oakland walianza na karibu milioni 57, kidogo kuliko timu zote 30.

Kuuza mchezaji kabla hajawa ghali si dhambi yenyewe. Chini ya Billy Beane, kiongozi aliyesimamia uundaji wa kikosi, Oakland hao hao waliifanya kazi hiyo kwa ustadi kwa miaka 20. Walishinda mechi 20 mfululizo mwaka 2002 wakiwa na mfuko mdogo, na misimu ya 2018 na 2019 walishinda mechi 97 kila mmoja. Shabiki wa Oakland alizoea kuagana. Alijua fulana yenye jina mgongoni itavaliwa miaka mitano hivi, halafu jina hilo litakwenda Boston au New York. Alikubali kwa sababu kila aliyeondoka alileta wengine, na hao wengine walishindana.

Kilichotokea baada ya 2020 kilikuwa tofauti. Wa kwanza kuondoka alikuwa Marcus Semien, mtoto wa eneo lenyewe la ghuba ya San Francisco, aliyesoma sekondari Berkeley na chuo kikuu hapohapo Berkeley. Alikuwa mchezaji huru, na timu ikashindwa kumbakisha. Mwaka uliofuata, akiwa Toronto, alipiga mipira 45 ya kuvuka ukuta, rekodi kwa mchezaji wa nafasi yake, mlinzi wa kituo cha pili (vituo ni vile ambavyo mkimbiaji huvipitia uwanjani), kisha Texas wakampa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 175. Machi 2022, ndani ya siku tano, wakaondoka watatu: Chris Bassitt akaenda Mets, Matt Olson akaenda Atlanta, Matt Chapman akaenda Toronto. Mwanzoni mwa Aprili akafuata Sean Manaea. Agosti Frankie Montas. Desemba Sean Murphy.

Olson alisaini Atlanta kesho yake tu mkataba wa miaka minane wa dola milioni 168, na mwaka 2023 akapiga 54 za kuvuka ukuta, rekodi ya klabu hiyo kwa msimu mmoja. Msimu huohuo Oakland walishinda mechi 50 wakapoteza 112. Na Chapman? Hatimaye alirudi kwenye ghuba ileile, lakini upande wa pili wa maji, kwa San Francisco Giants, waliompa dola milioni 151 kwa miaka sita. Shabiki wa Oakland angeweza kumwona kwa kuvuka daraja.

Mpaka hapo msomaji anaweza kusema: basi tatizo ni pesa. Ndiyo, lakini linapouma zaidi ni mahali pengine. Mtu aliyesikiliza mechi 160 za Chapman anajua anavyokaa kabla mpira haujarushwa, anajua anavyouwahi mpira unaotambaa kando ya mstari wa kituo cha tatu, anajua aliumia nyonga lini. Alijifunza hayo taratibu, kwa sauti. Ukimtoa Chapman ukaleta kijana asiyejulikana, shabiki ana kazi ya kuanza upya kujifunza. Kijana huyo naye akirudishwa ligi ya chini wiki mbili baadaye, akaja mwingine, kazi hiyo haina mwisho. Hapo ndipo mtangazaji anapohitajika kuliko wakati mwingine wowote: yeye ndiye anayemtambulisha mgeni, anasema katokea wapi, babake nani, mpira wake unapinda vipi. Kikosi kikivunjwa, redio ndiyo inayobaki kushona.

Na redio nayo ikavunjwa.

Msimu wa 2018 Athletics walisikika katika kituo cha FM. Msimu wa 2019 wakahamia kituo kingine, cha masafa ya kati. Februari 2020 timu ikatangaza kwamba katika eneo lake lenyewe la ghuba hakutakuwa tena na kituo cha redio cha kawaida. Mechi zitapatikana kwa intaneti kupitia programu ya simu. Miji ya mbali kidogo ilibakiwa na vituo vyake, kwa hiyo ikawa ajabu kwamba mtu wa Oakland ndiye asiyeweza kufungua redio na kuisikia timu ya Oakland. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka huohuo timu ikarudi hewani, katika 960 AM, masafa ya kituo kilichokuwa kikijulikana kwa habari za biashara.

Waliotetea uamuzi ule walisema dunia imebadilika, vijana wako mtandaoni, na kipindi cha intaneti kinaweza kuendelea saa 24. Kuna ukweli ndani yake. Lakini fikiria nani hasa husikiliza besiboli kwa redio. Ni mzee wa miaka 75 mwenye redio ndogo ya betri kibarazani. Ni dereva wa lori. Ni mpishi mwenye mikono ya unga, anayeweza kuzungusha kitufe kwa kiwiko. Redio ya kawaida haiombi nywila wala bando, na haikati mtandao ukizidiwa. Isitoshe, sauti ya intaneti huchelewa, wakati mwingine nusu dakika nzima. Aliyekaa jukwaani na redio sikioni anaona mpira umeshadakwa huku mtangazaji wake anasema mrushaji anajiandaa.

Hili la kusikiliza ukiwa uwanjani linaweza kushangaza, lakini ni desturi ya zamani. Timu ya Dodgers walipohamia Los Angeles kutoka Brooklyn mwaka 1958 walicheza katika uwanja mkubwa mno uliojengwa kwa michezo mingine, na watu wa viti vya mbali walikuja na redio za transista ili mtangazaji Vin Scully awaeleze kinachotokea mbele ya macho yao wenyewe. Scully alitangaza timu hiyo misimu 67, kuanzia 1950 hadi 2016. Wapo waliosema hawaamini kitu mpaka yeye akiseme.

Oakland ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Bill King, mwenye masharubu yaliyosokotwa ncha, alitangaza misimu 25, kuanzia 1981 mpaka kifo chake Oktoba 2005. Kando yake, kuanzia 1996, alikaa Ken Korach, ambaye baadaye akawa sauti kuu. Maana yake ni kwamba mtu aliyezaliwa mwaka 1981 angeweza kufika miaka 40 akiwa ameisikia timu yake kwa mnyororo usiokatika, fundi na mwanafunzi wake. Wachezaji walikuja wakaenda. Sauti ilikaa. Ndiyo maana kuiondoa hewani, hata kwa miezi michache, kuliwagusa watu mahali ambapo kuuzwa kwa mchezaji hakufiki.

Kinachonifanya niseme kwamba kikosi na redio ni jambo moja ni kwamba katika mji huohuo yalishatokea hayohayo. Athletics walifika Oakland mwaka 1968 wakitokea Kansas City, ambako walikuwa wamefika mwaka 1955 kutoka Philadelphia. Chini ya mmiliki Charlie Finley walitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Kisha wachezaji wakapata haki ya kuwa huru, na Finley hakutaka kulipa. Aprili 1976 akampeleka nyota Reggie Jackson Baltimore kwa kubadilishana wachezaji. Juni mwaka huo akajaribu kuwauza Vida Blue kwa Yankees kwa dola milioni moja na nusu, na Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston kwa milioni moja kila mmoja. Kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, akaifuta biashara yote siku tatu baadaye, lakini msimu ulipoisha nyota wengi wakaondoka wenyewe, bila timu kupata chochote.

Halafu ikaja redio. Msimu wa 1978 ulipoanza, Finley hakuwa na kituo. Mechi za mwanzo zikatangazwa na KALX, redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, yenye nguvu ya wati 10. Taa ya kawaida ya barazani hula umeme kama huo. Mmoja wa wanafunzi waliotangaza, Larry Baer, miaka mingi baadaye akawa mkuu wa San Francisco Giants. Hadithi hiyo husimuliwa kwa tabasamu siku hizi, lakini kwa mtu aliyekuwa akiishi kilomita chache tu nje ya Berkeley wakati ule, timu yake ilikuwa imetoweka. Mwaka 1979 ilipoteza mechi 108, na msimu mzima walioingia uwanjani walikuwa 306,763. Tarehe 17 Aprili mwaka huo waliingia watu 653.

Angalia kilichoiponya. Mwaka 1980 Finley aliuza kwa familia ya Haas, wenye kampuni ya nguo za dengrizi ya Levi Strauss. Familia hiyo iliweka Bill King na Lon Simmons redioni kuanzia 1981, na ikaanza kulipa wachezaji. Vitu viwili hivyo vilikwenda pamoja. Kuanzia 1988 hadi 1990 timu ilicheza fainali tatu mfululizo, ikashinda ile ya 1989, iliyokatizwa na tetemeko la ardhi. Mwaka 1990 waliingia uwanjani watu milioni 2.9. Mji uleule na uwanja uleule ambao miaka 11 kabla ulikuwa na watu 653. Kila ninaposikia mtu akisema Oakland haina mashabiki, huwa naitazama hesabu hiyo.

Malalamiko ya redio hayako Oakland peke yake. Mwaka 2021 kule Toronto, kampuni inayomiliki timu ya Blue Jays na chaneli inayoionyesha iliondoa watangazaji wa redio ikawawekea wasikilizaji sauti ya televisheni. Mwaka uliofuata matangazo ya redio yenyewe yakarudi. Anayejua kazi hii anaelewa kwa nini watu walikasirika. Mtangazaji wa televisheni hana haja ya kusema mpira umekwenda wapi, maana unauona. Ananyamaza, au anazungumzia picha iliyo kwenye kioo. Kwa msikilizaji wa redio ni sawa na kuketi nje ya mlango wa chumba ambamo watu wanatazama mpira.

Ufundi wa redio una mambo madogo yanayobeba kila kitu. Red Barber, aliyetangaza mechi za Dodgers wa Brooklyn miaka ya 1940, aliweka mezani kipima-muda cha mchanga, kile cha kuchemshia mayai, cha dakika tatu. Mchanga ukiisha anataja matokeo, anakigeuza, anaendelea. Alijua kwamba wakati wowote kuna mtu ndiyo kwanza amewasha gari. Leo lalamiko unaloweza kulisikia katika karibu kila mji wenye timu ni hilohilo: dakika zinapita, hujui ni ngapi kwa ngapi, lakini umeshasikia tangazo la paa la nyumba na la bima. Pia baada ya janga la korona baadhi ya timu ziliacha kuwasafirisha watangazaji wa redio. Wanakaa studio nyumbani na kutangaza mechi ya ugenini kwa kutazama kioo, ambacho hakimwonyeshi mlinzi wa nyuma amesogea hatua tano kushoto kabla ya mpira kurushwa. Mtangazaji anabaki kukisia, na sikio lililozoea linatambua.

Tangu 2023 mrushaji anapewa sekunde 15 tu za kurusha mpira, ikiwa hakuna mkimbiaji kwenye vituo vya uwanjani. Mechi zimefupika sana: wastani wa saa tatu na dakika nne mwaka 2022 ulishuka hadi saa mbili na dakika 40. Uwanjani ni raha tupu, nami naunga mkono kabisa. Redioni, ile nafasi ya hadithi imebanwa, na kama matangazo ya biashara hayakupunguzwa, kilichokatwa ni hadithi.

Halafu kuna suala la chombo chenyewe. Masafa ya kati ndiyo yaliyoibeba besiboli tangu tarehe 5 Agosti 1921, KDKA ya Pittsburgh ilipotangaza mechi ya kwanza. Usiku mawimbi yake hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali, ndiyo maana kituo cha KMOX cha St. Louis, chenye wati 50,000, kiliwapa Cardinals, timu ya mji huo, mashabiki katika majimbo ambayo timu haikuwahi kukanyaga. Waliokulia huku wakiitafuta Idhaa ya Kiswahili ya nchi ya mbali usiku, sauti ikija na kuondoka kama pumzi, wanaijua hali hiyo. Magari ya umeme sasa huingilia masafa hayo kwa kelele zake, na baadhi ya watengenezaji wameyaondoa. Mwaka 2023 Ford walitangaza kuyaondoa katika magari mengi mapya, wakabadili uamuzi mwezi Mei baada ya kupigiwa kelele, na suala likafika hadi bunge la Marekani. Mmiliki anayeikimbia redio hiyo anaweza kusema chombo kinakufa. Ni kweli kinadhoofika. Lakini wasikilizaji wake bado hawajafa.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Coliseum ulifunguliwa mwaka 1966 na ulikuwa umechoka kweli. Mwaka 2013 maji taka yalifurika hadi vyumba vya wachezaji. Mpango wa uwanja mpya bandarini ulijadiliwa kwa miaka na haukufika. Na chini ya mkataba wa 2016 kati ya ligi na chama cha wachezaji, Oakland iliondolewa hatua kwa hatua katika mgawo wa pesa ambao timu tajiri huchangia timu zenye kipato kidogo, kwa hoja kwamba iko katika eneo kubwa. Mgawo huo ulirudishwa mwaka 2022. Hayo yote ni mizigo ya kweli. Yanaeleza kwa nini timu ilibana matumizi, lakini hayaelezi kwa nini ilibana mpaka ikawa ya mwisho, wala kwa nini shabiki ndiye aliyelaumiwa kwa kutokuja.

Siku ileile ya mgomo wa kinyume, seneti ya jimbo la Nevada ilipitisha mswada wa kutoa hadi dola milioni 380 za umma kwa uwanja wa Las Vegas, na tarehe 15 gavana akatia saini. Novemba 2023 wamiliki wa timu zote 30 wakapiga kura ya ndiyo bila hata mmoja kupinga. Tarehe 26 Septemba 2024 watu 46,889 wakaujaza Coliseum kwa mara ya mwisho. Wageni walikuwa Texas Rangers, timu ya Marcus Semien. Athletics wakashinda 3–2.

Tangu 2025 timu inacheza West Sacramento, katika uwanja wa ligi ya chini unaobeba watu wapatao 14,000, na imeacha kutumia jina la mji wowote. Inaitwa Athletics tu. Kwa mtangazaji hilo si jambo dogo, maana kila siku analazimika kutamka jina la timu lisilo na kwao. Na hapo ndipo pesa zikaonekana. Desemba 2024 timu ilimpa mrushaji Luis Severino dola milioni 67 kwa miaka mitatu, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu hadi wakati huo, ukivunja ule wa milioni 66 aliopewa Eric Chavez mwaka 2004. Januari Brent Rooker akapata milioni 60, Machi Lawrence Butler milioni 65.5. Sehemu ya sababu ni ya kisheria: timu inayopokea mgawo inatakiwa kuutumia uwanjani, la sivyo chama cha wachezaji kinaweza kuifungulia malalamiko. Sheria hiyo ni nzuri. Ila mtu aliyevaa fulana ya kijani Juni 2023 aliuona mfuko ukifunguliwa miezi michache tu baada ya mlango wa nyumbani kwake kufungwa, na sidhani kuna maelezo ya kisheria yanayoweza kumtuliza.

Baadhi ya mashabiki hao sasa wako West Oakland, uwanja wa Raimondi. Timu inaitwa Oakland Ballers, ni ya ligi huru, ilianza kucheza 2024, na mwaka huohuo mashabiki wenyewe walichanga zaidi ya dola milioni moja kununua hisa. Septemba 2025 ilitwaa ubingwa wa ligi yake. Kikosi chake ni cha vijana ambao hakuna aliyewahi kuwasikia.